Alama za Ukoo wa Fundi Friji

Pale bekarini wanamwita Mama Tanuri, na usidhani ni kwa sababu anaoka mikate. Waokaji wako tele mle ndani na hakuna mwingine aliyepewa jina hilo. Ni mdomo wake. Ukikosea kipimo cha hamira utasikia. Ukisahau kupaka trei mafuta utasikia. Na ukichelewa kazini ukaja na kisingizio cha mvua wakati nje kumekauka kau, hapo utasikia wewe na mtaa wa pili. Lakini mikate ikitoka imepinda, yeye ndiye anayekwenda kwa meneja kusema kosa ni lake. Kwa hiyo wanamwogopa na wanampenda, yote mawili kwa pamoja, na asubuhi akiingia kimya wanaulizana kama anaumwa.

Alianza pale kwa kufagia unga sakafuni. Sasa ni msimamizi wa chumba cha kuumulia, kile chumba cha joto na mvuke ambako unga uliokandwa hupangwa kwenye rafu uumuke kabla ya kuingia ovenini. Kazi yake, ukiondoa kelele, ni kubonyeza kwa kidole, kutazama kishimo kinavyorudi, na kusema, "Inatosha, toa!" Akisema mapema, mkate unakuwa mgumu kama tofali. Akichelewa, unga unapanda, unamwagika nje ya kopo, unadidimia katikati, na hapo huna mkate tena, una aibu.

Sasa mtu kama huyo, jamani, ungetegemea aolewe na nani? Aliolewa na fundi friji. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu: tanuri na friji nyumba moja! Na kweli mume ni mtu wa baridi. Hajawahi kupandisha sauti, hajawahi kusema hapana. Tatizo ni kwamba hajawahi kusema ndiyo vilevile. Bati linavuja? "Tutaona." Mtoto ahamishwe shule? "Tutaona." Mama Tanuri huwaambia wenzake kwamba siku ya kiama mumewe akiulizwa anaingia mlango upi, foleni yote nyuma yake itasimama.

Aliyewakutanisha ni shemeji yake, mdogo wake fundi friji, dereva wa gari la mikate palepale bekarini. Mtu wa maneno machache: anapakia, anasambaza, anarudisha trei tupu, anaaga. Nyumbani kwao wanamwita Mgeni. Mama Tanuri alipoolewa alidhani ni utani tu wa kindugu, kama vile nyumba nyingine zinavyomwita mtoto Mzee au Bonge. Alichelewa kujua kwamba lile jina lina meno.

Ukoo wa mumewe, unaambiwa, una alama. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na madoa mwilini ya rangi ya chai ya maziwa, mengine madogo kama kucha, mengine mapana kama kiganja cha mtoto. Utu uzima ulipomfika akaota vinundu laini mgongoni na shingoni, kama punje za maharage chini ya ngozi. Baba yake naye alikuwa hivyohivyo. Fundi friji vilevile, ukimvua shati utayaona kifuani na ubavuni. Nyumba nyingine wangeficha. Hawa walijivunia! Wakasema hiyo ndiyo alama ya damu yao, na asiyekuwa nayo, mama yake ana maelezo ya kutoa.

Basi mtoto akishachangamka kidogo, akaweza kukalishwa, mama mkwe humvua nguo karibu na dirisha mchana kweupe, ndugu wamejaa kwenye makochi, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Madoa yakionekana, ni vicheko na makofi. Yasipoonekana, watu ghafla wanakumbuka wana safari. Mgeni hakuwa nayo. Hakuwa na doa hata moja, mwili wote safi. Baba yake hakumtukana wala hakumfukuza. Alimwita tu Mgeni tangu siku hiyo, jina likaganda. Na mtoto unayemwita mgeni kila siku ya Mungu, mbele ya kaka yake, mnataka akue akijiona mwenyeji? Loo!

Mama Tanuri alipojifungua binti, naye akawekwa dirishani. Mama mtu alisimama mlangoni kakunja mikono, hasira zimempanda mpaka masikio yanawaka. Doa la kwanza likaonekana pajani, la pili tumboni, mengine mgongoni na kwapani, mama mkwe akapiga kelele za furaha, "Chui wangu! Huyu Chui wangu mimi!" Na jina la mtoto likawa ndilo hilo, lile la cheti likabaki kwenye cheti.

"Kwa hiyo asingekuwa nayo mngenirudisha kwetu?" Mama Tanuri akauliza.

"Si anayo?" mama mkwe akamjibu bila kugeuka. "Sasa unagomba na nani?"

Hebu mjibu mtu kama huyo. 

Miaka ikaenda. Chui akaanza shule, akawa mtoto wa maneno kama mama yake, na kwa bibi yake ndiyo mboni ya jicho. Wakakaa hivyo mpaka Mama Tanuri akaanza kuona mambo ambayo hayakumpendeza. Mtoto anapita mlangoni na bega la kushoto linagonga mwimo. Mtoto anachora, lakini karatasi ameisogeza yote upande wa kulia na shingo kaipinda. Ukimpungia mkono kutoka kushoto haitiki, na si kiburi, maana ukimpungia kutoka kulia anakuja mbio.

Akamwambia mumewe. Mnajua alivyojibu.

Akamwambia mama mkwe. "Mwache mtoto," mama mkwe akasema. "Anacheza. Babu yake naye alikuwa anatazama pembeni hivyohivyo." Uongo mtupu, marehemu alikuwa anakutazama usoni mpaka unainamisha kichwa. Lakini ndiyo nyumba hiyo, kila kitu babu yake naye.

Mwalimu akaita mzazi. Chui hanakili vizuri ubaoni, anaruka maneno ya mwanzo wa mstari. Mama Tanuri hakusubiri kuona na mtu. Alimshika mtoto mkono, wakaenda kliniki ya macho. Pale mtaalamu wa macho, kijana mpole mwenye koti lililombana, alimwekea Chui matone, akamulika ndani ya jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudi kwenye la kushoto, akakaa humo muda mrefu mpaka Mama Tanuri akaanza kumchukia. Kisha akauliza swali ambalo hakulitegemea.

"Mama, haya madoa ya mkononi, anayo na kwingine?"

"Anayo mwili mzima. Yanahusiana nini na macho?"

Kijana hakutaka kusema mengi. Alisema mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho haujakaa vizuri, na kwamba madoa yakiwa mengi namna hii na jicho likawa hivi, lazima waende hospitali kubwa kwa daktari wa watoto, mtoto apigwe picha ya kichwa kwa mashine ya MRI, na baba aje naye. Kuna ugonjwa wa kurithi. Akawaombea tarehe huko. Wasikae sana.

Wasikae sana! Mwambie hivyo mtu anayeishi nyumba ile.

Alipofika nyumbani akasema yote, amesimama, hata kanga hajaivua begani. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, na hapo ndipo moto ulipowaka. Ugonjwa? Alama ya wanaume wa nyumba hii ndiyo leo imekuwa ugonjwa? Marehemu alijenga nyumba hii na ugonjwa? Mwanawe anabeba majokofu ya watu mgongoni na ugonjwa? "Sema tu hutaki damu yetu, mwanangu. Usijifiche nyuma ya daktari."

"Mama, mtoto haoni!"

"Anaona. Jana kaokota sindano yangu sakafuni."

"Ya upande gani? Muulize ya upande gani!"

Fundi friji alikuwa amekaa katikati yao na sahani ya chakula mapajani. Mama Tanuri akamgeukia. Mama mkwe naye akamgeukia. Maskini, tonge limesimama mashavuni. Akameza, akasema wasipandishane presha, tarehe ya hospitali si bado, tutaona. Mama Tanuri anasema siku hiyo ndiyo alielewa kwa nini kuna wanawake wanavunja vyombo. Yeye hakuvunja. Aliingia chumbani akalia kwa hasira, akimlilia mtoto na akimlilia pia mwanamume aliyemchagua mwenyewe, kwa macho yake mawili mazima.

Tarehe ikafika. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, amefua gauni la Chui, amelinyoosha. Akaenda kuoga. Alipotoka bafuni, mtoto hayupo, bibi hayupo. Wamekwenda kwa shangazi, jirani akasema, wamepanda basi, na bibi amebeba mfuko wa nguo. Kwa shangazi ni safari ya nusu siku! Mama Tanuri alipiga simu mpaka kidole kikafa ganzi. Mama mkwe ana simu ambayo huizima akipanda basi, eti betri isichoke. Walirudi baada ya siku kadhaa, Chui kanenepa, bibi kachangamka, na hakuna aliyeona kuna kosa. "Mtoto alimkumbuka shangazi yake," ndivyo alivyosema, na macho makavu kabisa.

Hospitali wakampangia tarehe nyingine, mbali huko. Ikafika siku chache kabla mashine ikaharibika, wakasogeza tena. Na kila ikisogezwa mama mkwe alisema, "Mnaona? Hata Mungu hataki." Jamani, mtu utamfanya nini? Mwaka ulikuwa unakwisha, na Chui sasa akitembea njiani anashika ukuta.

Safari ya mwisho Mama Tanuri alifunga kibwebwe. Hakumwambia mtu nyumbani. Alfajiri alimbeba mtoto usingizini akaenda naye bekarini, akamlaza kwenye magunia ya unga karibu na joto, akafanya kazi yake ya asubuhi, kisha akamfuata Mgeni aliyekuwa anapakia mikate.

"Shemeji, unapita njia ya hospitali kubwa?"

"Sipiti," Mgeni akasema. Akatazama kule kwenye magunia. Akasukuma trei ya mwisho ndani, akafunga mlango wa gari. "Leo nitapita."

Wakaenda watatu mbele, Chui katikati anakula kipande cha mkate wa moto. Mgeni akishusha mikate dukani anakimbia, anarudi, wanaendelea. Njiani Mama Tanuri akampigia mumewe. Akamwambia wazi: daktari anamtaka baba, sisi tunakwenda, usipokuja usinitafute. Akakata kabla hajasikia lile neno. Na huyo fundi friji, kwa sababu Mungu kamuumba hivyo, akafanya nini? Akamuuliza mama yake.

Kwa hiyo walipokuwa wamekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari, korido imejaa watoto wanaolia na harufu ya dawa ya kupigia deki, Mama Tanuri aliona kwa mbali kilemba anachokifahamu kinakata umati kama meli ya doria. Nyuma yake fundi friji na mkoba wake wa vifaa. "Nipe mtoto wangu," mama mkwe akasema, hata salamu hakutoa. Na palepale mlango ukafunguliwa, jina la cheti likaitwa, na hakuna aliyeitika kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imelisahau. Nesi akaliita mara ya pili. "Ni sisi!" Mama Tanuri akapiga kelele, na wote wakaingia, hata Mgeni, kwa kuwa ndiye aliyembeba mtoto.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, macho ya mtu aliyelala kidogo, sauti ya mtu asiye na muda wa kubembeleza wazee. Alimkagua Chui mwili mzima. Akamwambia fundi friji avue shati. Akamtazama mgongo, akamtazama macho kwa kurunzi yake ndogo, akaandika. Akauliza nani mwingine.

"Baba yake na babu yake," mama mkwe akasema, kidevu juu. "Ni alama ya ukoo. Haina shida."

"Ni ya ukoo kweli, mama," daktari akasema. "Lakini shida inayo." Akavuta kiti. Akaeleza kwamba kila seli mwilini hupokea ishara ya kukua na kugawanyika, na hilo ni jambo jema, bila hilo mtoto hakui. Ila lazima kuwe na cha kuizima ishara ikishamaliza kazi. Ipo jeni, wanaiita NF1, ambayo ndiyo yenye maagizo ya kutengeneza protini ya kuzima. Jeni ikiwa na kasoro, protini inapungua, ishara inabaki inawaka. Ndiyo madoa haya. Ndivyo vinundu vya marehemu. Wengine inaishia hapo, wanazeeka salama, kama marehemu alivyozeeka. Wengine, hasa wakiwa watoto, uvimbe unaota kwenye mshipa wa jicho.

"Yaani hakuna wa kusema inatosha," Mama Tanuri akasema.

"Ndiyo. Au yupo, lakini sauti haifiki."

Mama mkwe alikuwa akitikisa kichwa muda wote. "Mbona mwanangu mwingine hana?" akasema, kwa ushindi kabisa, kama aliyemnasa daktari. Akamwelekezea kidole Mgeni aliyesimama mlangoni. "Baba mmoja, mama mmoja, na huyu hana hata doa. Kama ni ugonjwa wa kurithi, huyu kwa nini hana?"

Na hapo, kumbe, alikuwa amesema kitu ambacho nyumba ile haijawahi kukisikia kinywani mwake. Baba mmoja. Fundi friji alimtazama mama yake, shati bado liko mkononi.

Daktari hakujua amekanyaga wapi. "Kila mtu ana nakala mbili za hiyo jeni," akasema. "Marehemu alikuwa na moja nzima na moja yenye kasoro. Kila mtoto anapewa moja tu kati ya hizo, kama kurusha shilingi. Huyu alipata yenye kasoro, yule akapata nzima. Ni bahati tu."

"Kwa hiyo asiye na alama..."

"Ni mtoto wa baba yake kama wengine. Madoa hayasemi baba ni nani, mama. Nani aliwaambia hivyo?"

Nani aliwaambia!  Mama Tanuri, ambaye alikuwa na maneno ya mwaka mzima kooni, alingoja asikie mama mkwe atakavyoruka na hili. Hakuruka. Alikaa kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, karatasi ikachanika chini yake, na sauti yake ilikuwa ya ukali uleule, ila sasa alimgombeza daktari.

"Mlikuwa wapi?" akasema. "Nyinyi na jeni zenu mlikuwa wapi siku zote hizo? Nimeapa mimi! Nimemwapia mume wangu kwa kila kitu, kwamba huyu ni wako, simjui mwanamume mwingine. Akanigeuzia mgongo mpaka anaingia kaburini. Mnajua kulala miaka yote unatazama mgongo wa mtu? Nikachoka kuapa. Nikaona bora niwe wa kwanza kutafuta alama kwa watoto wa wenzangu, ili wasinitazame mimi. Na nikamwita Mgeni. Mimi, niliyemzaa! Nikamwita hivyo mwenyewe ili nyumba itulie."

 Mgeni alimteremsha Chui taratibu, akamsimamisha karibu na Mama Tanuri.

"Gari nimeliacha vibaya kule nje," akasema. "Ngoja nikalisogeze."

Akatoka. Gari hakuliacha vibaya, Mama Tanuri alikuwepo wakati analiegesha. Mama mkwe aliita jina la mwanawe, lile la kweli, lile ambalo Mama Tanuri alikuwa amelisikia mara moja tu kwenye karatasi za kazi, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Chui alichomwa sindano ya usingizi akaingizwa kwenye mashine. Wakangoja. Fundi friji alivaa shati akakosea vifungo, na mkewe hakumrekebisha. Daktari aliporudi na picha, aliwaonyesha mshipa wa jicho la kulia, mwembamba, umekaa vizuri. Kisha wa kushoto, umevimba, umejikunja. Si uvimbe wa kuua, akasema, watamwanzishia dawa za dripu, ni safari ndefu, kila wiki hapa bila kukosa. Jicho la kulia wana matumaini makubwa nalo. La kushoto, kilichopotea hakitarudi.

"Tatizo lilianza lini?" akauliza, kalamu iko tayari.

Hapo ndipo Mama Tanuri angeweza kuwamaliza wote wawili. Alikuwa nayo yote, shangazi, basi, simu iliyozimwa, sahani ile ya chakula mapajani. Akavuta pumzi.

"Mwaka jana," fundi friji akasema. "Mke wangu aliniambia mwaka jana. Niliahirisha mimi." Aliongea kwa sauti ya kawaida, na machozi yakamtoka nayo, akayaacha yatiririke.

Mama Tanuri alimtazama.  Mwaka mzima anamsukuma huyu mtu aseme neno moja lenye kichwa na miguu, na amelisema siku ambayo halisaidii kitu. Alitoa leso kwenye mkoba akamrushia kifuani, si kwa upole.

Wodini waliwapa kitanda cha dirishani. Mama mkwe aliwatangulia, akakalia kiti pekee kilichokuwepo, upande wa ukutani, akashika mkono wa Chui uliolegea. Mama Tanuri akasimama upande wa pili. Walikaa hivyo, kitanda katikati yao, bila kutazamana, mpaka mtoto akaanza kupepesa macho. Akakunja uso kwa mwanga wa dirisha. Akamwona mama yake.

"Mama, nina kiu."

Akapewa maji. Akanywa, akatazama mlangoni, akatazama vitanda vya wenzake.

"Bibi bado amekasirika?" akauliza. "Mbona hakuja?"

Bibi yuko palepale, kushoto kwake, nyuso zao haziachani hata urefu wa mkono mmoja. Ameinama kabisa. Anamtazama.

"Na huyu anayenishika mkono ni nesi?" Chui akasema.

 Mama mkwe aliuachia ule mkono kidogo kidogo, akainuka, akashika kiti aende nacho upande wa kulia. Kilikuwa kiti cha chuma, kizito, cha zamani, na miguu ikanasa kwenye magurudumu ya kitanda. Akavuta, hakikutoka. Akavuta tena. Mama Tanuri alikuwa hajamsamehe, tusidanganyane, na mpaka leo kuna siku hamwamkii. Lakini alizunguka kitanda, akashika upande wa pili wa kile kiti, wakakinyanyua pamoja wakakipitisha miguuni pa mtoto, wakakiweka mahali anapoona.